Aina kuu za protista ni zipi, na kwa nini euglena anatajwa mahali pawili?

Mwanafunzi wa Usiku ameuliza:

Habari zenu, wanajukwaa.

Ninajisomea baiolojia nyumbani baada ya kukaa miaka mingi mbali na daftari, na nimekwama kwenye mada ya protista. Kitabu ninachotumia kinasema kwamba protista wamegawanyika katika makundi matatu: wanaofanana na wanyama, wanaofanana na mimea na wanaofanana na kuvu. Mgawanyo huo niliuelewa kwa kurasa mbili tu. Katika ukurasa wa tatu nilimkuta euglena, kiumbe mdogo wa majini wa seli moja, miongoni mwa wale wanaojitengenezea chakula kwa usanisinuru, na kurasa chache mbele nikamkuta tena miongoni mwa wale wanaoogelea na kumeza chakula kama wanyama. Baadaye nikasoma kwamba mwani mkubwa wa kahawia, ambao hujishika kwenye miamba ya bahari na kufikia urefu wa makumi ya mita, nao ni protista, ilhali sentensi ya kwanza ya sura hiyohiyo ilikuwa imenieleza kwamba protista ni viumbe wadogo wa seli moja.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, aina kuu za protista ni zipi, na kila aina inatambulikaje? Pili, ikiwa makundi hayo matatu ni sahihi, inawezekanaje kiumbe mmoja akasimama katika makundi mawili na mwandishi asione haja ya kueleza? Sihitaji orodha ya majina ya kukariri, kwa sababu orodha ninayo. Ninachokosa ni ile kamba inayoyafunga majina hayo pamoja.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ndugu Mwanafunzi, kamba unayoitafuta haipo, na ndiyo maana umekwama. Mnyama, mmea na kuvu hutambuliwa kwa sifa walizonazo, lakini protista walikusanywa kwa njia ya kinyume: ni kila kiumbe ambaye seli yake ina kiini halisi, yaani kiini kilichozungushiwa utando, na ambaye si mnyama, si mmea wala si kuvu. Ni kapu la waliobaki baada ya wengine kugawiwa nyumba. Mwanasayansi wa Ujerumani Ernst Haeckel ndiye aliyewapa jina hilo mwaka 1866, na katika kapu lake aliwatia hata bakteria, ambao baadaye walitolewa kwa sababu hawana kiini.

Mgongano ulioukuta kitabuni una historia yake. Mwanasayansi wa Marekani Robert Whittaker alipopendekeza kuwagawa viumbe wote katika himaya tano mwaka 1969, kwake protista walikuwa hasa viumbe wa seli moja, na mwani mkubwa wa baharini aliuacha katika himaya ya mimea. Mwanabiolojia Lynn Margulis ndiye aliyelipanua kapu na kuuingiza mwani huo, kwa hoja kwamba hauna kiinitete kinacholindwa na mmea mama kama ilivyo kwa mimea ya nchi kavu. Nadhani mwandishi wako alichukua sentensi ya kwanza kutoka upande mmoja na ukurasa wa mwani kutoka upande wa pili, kisha akasahau kuzipatanisha. Wewe futa maneno "seli moja" na uandike "wengi wao ni wa seli moja".

Sasa nije kwenye makundi. Wale wanaofanana na wanyama, ambao wengi huwaita protozoa, hawajitengenezei chakula bali hula bakteria, protista wenzao au mabaki yaliyooza, na baadhi yao ni vimelea. Kwa desturi hugawanywa kwa namna wanavyojongea. Amiba hujongea kwa miguu bandia: sehemu ya mwili wake hutokeza mbele, saitoplazimu, yaani uteute wa ndani ya seli, humiminika ndani yake, na mwili wote hufuata, kwa njia hiyohiyo huizingira chembe ya chakula pande zote mpaka ikajikuta ndani ya kifuko cha kumeng'enyea. Wengine wana flajela, yaani mkia mmoja au mikia michache mirefu inayopiga maji. Wengine wana silia, vinyweleo vifupi vingi vinavyopiga kwa zamu kama makasia. Kundi la nne huitwa sporozoa, au "wasiojongea", ambao wote ni vimelea na wakiwa wazima hawana kiungo cha kujongelea. Humo ndimo alimo plasmodiamu, kimelea wa malaria.

Nitakaa kidogo kwa paramesiamu, mwenye silia, kwa sababu anavunja dhana kwamba seli moja maana yake ni kiumbe rahisi. Ana urefu wa robo milimita hivi na umbo linalofanana na wayo wa kiatu. Ubavuni ana mfereji unaosukuma bakteria hadi kwenye kinywa. Kutoka hapo chakula huzunguka mwilini ndani ya vifuko vidogo, na uchafu hutolewa mahali pamoja maalumu. Kwa kuwa maji baridi humwingia bila kukoma, ana vakuoli mbili, yaani vifuko vya kutolea maji, moja kila upande, zinazojaa na kujikamua kila baada ya sekunde chache. Zikisimama, atavimba hadi apasuke. Ana viini vya aina mbili: kikubwa cha kuendesha shughuli za kila siku, na kidogo kinachohifadhi vinasaba kwa ajili ya kizazi kijacho. Huzaliana kwa kujigawa katikati, lakini mara kwa mara paramesiamu wawili hugandana ubavu kwa ubavu, wakabadilishana nusu ya vinasaba kupitia viini vile vidogo, kisha kila mmoja akaenda zake. Hapo hakuna mtoto aliyezaliwa, ila wote wawili wameondoka wakiwa viumbe wapya kiurithi. Nilifundisha jambo hili kwa miaka mingi na sikuwahi kulichoka.

Wale wanaofanana na mimea ni mwani wa kila namna, na hugawanywa kwa rangi zinazosaidia usanisinuru, kwa aina ya akiba ya chakula na kwa ukuta wa seli. Mwani wa kijani una klorofili ileile iliyo katika majani na huweka akiba ya wanga. Mimea ya nchi kavu ilitokana na ukoo wake. Mwani mwekundu una rangi inayonasa mwanga wa buluu, ambao hupenya maji kuliko mwanga mwingine, na kwa sababu hiyo baadhi yake huishi kina ambacho mwani mwingine haufiki: umewahi kukutwa ukiwa hai mita 268 chini ya maji karibu na visiwa vya Bahamas. Mwani wa kahawia ndio ule mkubwa uliokushangaza, na baadhi ya spishi zake hurefuka kwa takriban nusu mita kwa siku moja mazingira yakiwa mazuri. Dinoflajelata ni wa seli moja, wana flajela mbili, moja ikiwa imelala kwenye mfereji unaozunguka kiuno, na hivyo huogelea huku wakipinduka kama pia. Wakiongezeka kupita kiasi huyageuza maji kuwa mekundu, na sumu ya baadhi yao hujikusanya katika chaza na kome; lakini ndugu zao wengine huishi ndani ya matumbawe na kuyalisha.

Dayatomu nimewaweka mwisho makusudi. Ganda lao ni la silika, malighafi ileile ya kioo, nalo limeundwa kwa vipande viwili vinavyoingiana kama boksi na kifuniko chake. Seli inapogawanyika, kila mtoto huchukua kipande kimoja na kukifanya kifuniko, kisha hutengeneza kipande kipya cha ndani. Ukilifikiria hilo utaona tatizo: mtoto aliyerithi kipande cha chini hutengeneza cha ndani yake kilicho kidogo zaidi, na mjukuu hivyohivyo, hata ukoo ukaendelea kudogoka kizazi baada ya kizazi. Wanapofikia udogo usiovumilika, hutupa maganda, huzaliana kwa njia ya kijinsia, na seli inayopatikana huvimba hadi ukubwa wa asili kabla ya kujijengea ganda jipya. Viumbe hawa, ambao hawaonekani kwa macho matupu, hukadiriwa kufanya karibu moja ya tano ya usanisinuru wote wa dunia. Udongo uliotokana na maganda yao ndio Alfred Nobel alioutumia kufyonza nitrogliserini alipotengeneza baruti kali, dainamiti, aliyoisajili mwaka 1867.

Kuhusu euglena: ana kloroplasti, yaani vijiungo vya kijani vya seli vinavyofanya usanisinuru, kwa hiyo akiwa kwenye mwanga hujitengenezea chakula, ana flajela na doa jekundu linalomsaidia kujua mwanga unatoka wapi, na hana ukuta mgumu wa seli, bali ana vipande vya protini chini ya utando vinavyomwezesha kujinyonganyonga. Nikusahihishe kidogo: euglena wa kijani hamezi chakula. Akiwa gizani hufyonza virutubisho vilivyoyeyuka majini. Ukimtibu kwa antibayotiki ya streptomaisini, anaweza kupoteza kloroplasti zake moja kwa moja, na wazao wake wakaendelea kuishi bila rangi, mradi wapate virutubisho. Je, wazao hao wamehama kutoka "mimea" kwenda "wanyama"? Ukilijibu swali hilo utakuwa umelijibu na la kwako.

Kundi la tatu nawaachia wanaolifahamu zaidi yangu.

Fundi wa Maabara amejibu:

Mwalimu ameeleza vizuri, nami nina sahihisho moja na nyongeza.

Si sawa kusema kwamba sporozoa hawajongei. Plasmodiamu anayeingizwa na mbu chini ya ngozi huteleza kwa kasi kubwa bila miguu bandia, bila silia na bila flajela, kwa kutumia protini zinazoshika sehemu anayopita na kumvuta mbele. Isitoshe, mbegu zake za kiume zina flajela. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa akifanya kazi Aljeria, aliviona vijikia hivyo vikipigapiga katika damu ya mgonjwa mwaka 1880, na mtikisiko huo ndio uliomthibitishia kwamba alichokiona ni kiumbe hai wala si chembe ya damu iliyoharibika. Daktari Mwingereza Ronald Ross alimpata kimelea ndani ya mbu mwaka 1897. Kwa hiyo jina "wasiojongea" lilitolewa na watu waliotazama hatua moja tu ya maisha yake.

Na maisha yake yana hatua nyingi. Akishaingia mwilini huenda kwanza kwenye ini, akazaana humo, kisha akatoka na kuvamia chembe nyekundu za damu. Ndani ya chembe hagawanyiki mara mbili kama amiba, bali hugawa viini vyake mara kadhaa kwanza ndipo mwili ukatwe vipande kwa pamoja, hata vikatoka vimelea wapya kati ya 16 na 32 hivi kwa Plasmodium falciparum, ambaye ndiye mwuaji mkubwa kati ya spishi zinazowapata binadamu. Chembe hupasuka, wengine huvamia chembe mpya, na homa hupanda. Huku ndiko kujigawa kwa wingi kunakotajwa vitabuni kwa sentensi moja.

Nyongeza yangu inahusu swali lako la pili. Wengi hawajui kwamba plasmodiamu, ambaye tunamweka kwa "wanyama" bila kusita, ana kiungo kidogo kilichozungukwa na tando nne ambacho asili yake ni kloroplasti. Mababu zake walimeza mwani mwekundu na kumhifadhi ndani ya seli. Kiungo hicho hakifanyi tena usanisinuru, lakini hutengeneza baadhi ya kemikali ambazo kimelea hawezi kuishi bila hizo, na kwa kuwa mitambo yake ya kutengeneza protini bado inafanana na ya bakteria, antibayotiki kama doksisaiklini humdhuru. Anayeshangaa dawa ya bakteria inafanya nini katika kinga ya malaria, jibu lake liko hapo.

Vivyo hivyo tripanosoma, kimelea wa malale anayeenezwa na mbung'o. Huyu ana flajela moja iliyoungana na mwili kwa utando unaopepea, na huwahadaa walinzi wa mwili kwa kubadilisha koti lake la protini kila wanapolizoea. Kitabu chako kitakuwa kimemweka kwa "wanyama". Ila ndugu yake wa karibu katika ukoo ni euglena. Hao wawili wanafanana mpaka katika umbo la mitokondria, yaani vijiungo vinavyoipa seli nishati, na mpangilio wa ndani wa flajela. Kilichowatofautisha ni kwamba mababu wa euglena wa kijani walimmeza mwani wa kijani wakabaki naye, na mababu wa tripanosoma hawakufanya hivyo.

Kwa hiyo usiumize kichwa kwa sababu euglena yuko mahali pawili. Mahali pote pawili panaeleza chakula chake, na hakuna panapoeleza ukoo wake.

Mwanafunzi wa Usiku amejibu:

Shikamoo Mwalimu, nawe Ndugu Fundi nashukuru sana. Suala la ukoo na chakula limenifungua macho, ila limeniletea maswali mengine mawili. La kwanza, kama protista wanaofanana na kuvu si kuvu, wametofautianaje nazo, maana picha za kitabuni zinaonyesha nyuzinyuzi nyeupe zilezile za ukungu? La pili, je, mwani wa buluu-kijani unaoonekana juu ya maji yaliyotuama nao ni protista?

Bwana Shamba amejibu:

Nianze na la pili kwa kuwa ni fupi: hapana. Mwani wa buluu-kijani ni bakteria wanaofanya usanisinuru. Hawana kiini, na hilo peke yake linawatoa. Jina "mwani" wamelipata kwa rangi tu.

La kwanza linanihusu, kwa sababu nusu ya kazi yangu ni kupambana na mmoja wa viumbe hao. Vitabu huweka pamoja aina mbili ambazo hazina undugu wa karibu. Aina moja ni kuvu maji, na nyingine ni kuvu ute.

Kuvu maji huota kwa nyuzi, hutoa vimeng'enya nje ya mwili na kufyonza chakula kilichoyeyushwa, kama kuvu halisi. Tofauti ziko ndani. Ukuta wa seli zake una selulosi, ilhali wa kuvu una kaitini. Na katika uzazi hutoa vijimbegu vyenye flajela mbili zinazoogelea katika tone la maji, moja laini na nyingine yenye vinyweleo. Flajela hiyo yenye vinyweleo ndiyo kitambulisho cha ukoo: ndugu zake ni mwani wa kahawia na dayatomu. Baadhi yake huota juu ya samaki waliojeruhiwa kama pamba nyeupe. Mashuhuri kuliko zote ni Phytophthora infestans, anayeleta ugonjwa wa baka jani chelewa kwenye viazi na nyanya. Ugonjwa huo ulipoingia Ayalandi mwaka 1845 na kuharibu viazi, ambavyo vilikuwa chakula kikuu cha maskini, watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa yaliyofuata, na wengine wengi wakahama nchi.

Namna unavyosambaa shambani inatokana na sifa zake za kiprotista. Geuza jani lenye baka asubuhi umande haujakauka, utaona chini yake, pembezoni mwa baka, utando mweupe kama vumbi la unga. Hizo ni nyuzi zilizotoka kupitia vitundu vya jani zikiwa zimebeba vifuko vya uzazi. Kifuko kikiangukia jani bichi penye ubaridi na unyevu, hupasuka na kuachia vijimbegu vinavyoogelea. Jua likiwaka na jani likakauka mapema, havifiki popote. Kwa hiyo tunachokiogopa ni siku za mawingu na manyunyu yanayofuatana, kuliko mvua kubwa ya saa moja.

Wapo wanaoona kwamba kuuita kuvu au protista ni ubishi wa darasani. Mimi nimeona shamba likipuliziwa dawa ya kuvu mara tatu huku baka likiendelea kutambaa, kwa sababu dawa hiyo ilikuwa ya jamii inayozuia kuvu kutengeneza kiungo kiitwacho egosteroli katika utando wa seli, na kuvu maji haitengenezi kiungo hicho kabisa. Dawa ilikuwa nzima na muda wake ulikuwa haujapita. Ilimlenga kiumbe ambaye hakuwepo. Metalaksili, kwa mfano, ilitengenezwa kwa ajili ya jamii hii, ingawa nayo katika sehemu nyingi imeshazoeleka kwa vimelea.

Kuvu ute ni habari nyingine. Hizi hazifyonzi chakula kupitia nyuzi, bali humeza bakteria na chembechembe kama amiba, na kwa kweli ni jamaa za amiba. Utazikuta kwenye magogo yanayooza na majani yenye unyevu. Ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ni ute mmoja, mara nyingi wa njano, unaoweza kuenea kuliko kiganja cha mkono, nao ni seli moja yenye maelfu ya viini visivyotenganishwa na kuta. Ute huo hutambaa polepole ukitafuta chakula, ukiacha nyuma njia za ute ambazo huziepuka baadaye. Mwaka 2000 watafiti wa Japani wakiongozwa na Toshiyuki Nakagaki waliuweka katika njia za kupotezana zenye chakula kwenye milango miwili. Ute ulijiondoa kwenye njia zisizo na faida, ukabakia umeunganisha vyakula hivyo kwa njia fupi kuliko zote. Hauna ubongo, hauna neva.

Namna ya pili huishi kama amiba mmojammoja kwenye udongo mpaka chakula kiishe. Hapo wale wenye njaa hutoa ishara ya kemikali, wenzao huifuata, na maelfu hukusanyika wakawa kitu kimoja kinachotambaa kama konokono asiye na gamba. Kikifika mahali pazuri husimama, baadhi ya seli zikawa shina na nyingine zikawa mbegu juu yake. Seli za shina, karibu moja kati ya tano, hufa ili zile za juu zisambae.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Marahaba, Ndugu Mwanafunzi. Namshukuru Fundi kwa sahihisho, nami nalikubali. Neno "wasiojongea" nilirithi kwa walionifundisha na sikulikagua.

Nikamilishe swali la kamba. Vinasaba vilipoanza kulinganishwa, ilionekana kwamba protista si tawi moja la mti wa uhai, bali ni sehemu kubwa ya mti wenyewe, na wanyama, mimea na kuvu ni vitawi vitatu vilivyochomoza humo. Wenye silia, dinoflajelata na jamaa za plasmodiamu ni ukoo mmoja, na wote wana vifuko vidogo vilivyopangwa chini ya utando wa seli. Dayatomu, mwani wa kahawia na kuvu maji ni ukoo mwingine ulio jirani na huo. Mwani mwekundu na wa kijani uko pamoja na mimea. Euglena, tripanosoma na jamaa zao wana lao. Amiba na kuvu ute wako upande wetu, na karibu zaidi nasi wapo viumbe wadogo wenye flajela moja iliyozungukwa na kola, ambao ndio ndugu wa karibu kuliko wote wa wanyama. Hata neno amiba linapotosha, kwa sababu wapo wenye miguu bandia ambao ni wa ukoo tofauti kabisa: wale wa baharini wanaojijengea magamba ya chokaa, ambao magamba yao ya kale yamo katika mawe ya chokaa yaliyojenga piramidi za Giza.

Mtihani ukikuuliza aina kuu za protista, andika makundi matatu na sifa zake, kwa maana hicho ndicho kinachosahihishwa. Sioni ubaya wake, maana "mla nyama" nalo ni kundi linalomweka simba pamoja na mwewe, na hakuna anayedhani kwamba wamezaliwa nyumba moja.

Mwanafunzi wa Usiku amejibu:

Nimeelewa, Mwalimu. Nimechora upya jedwali langu nikaongeza safu ya ukoo kando ya safu ya chakula, na euglena sasa ana mstari mmoja tu. Jambo la mwisho: nimeazima hadubini ya mtu, nikaweka tone la maji ya dimbwi lenye majani yaliyooza. Nadhani nimewaona paramesiamu, lakini wanapita kama mshale na sijawahi kumwona hata mmoja akitulia niitazame hiyo vakuoli inayojikamua.

Fundi wa Maabara amejibu:

Chukua pamba kidogo, uichambue mpaka ubakiwe na nyuzi chache, uzitandaze kwenye tone kabla ya kuweka kioo cha kufunikia. Paramesiamu watanaswa katika vijumba kati ya nyuzi na kuzungukazunguka humo. Anza na lenzi ndogo, na upunguze mwanga, kwa sababu mwanga mwingi huwafanya waonekane kama kivuli tu. Ukimpata aliyebanwa, nenda lenzi ya kati, umtazame karibu na ncha ya mwili: utaona duara jeupe likikua, kisha linatoweka ghafla, na mahali pake patabaki mifereji myembamba iliyokaa kama miale ya nyota, ambayo itaanza kulijaza tena. Tone likianza kukauka pembeni, ongeza maji kwa ncha ya karatasi, usiinue kioo.

Na ukimwona wa kijani anayejinyonganyonga mwenye doa jekundu upande wa mbele, huyo unamfahamu.